Mchezo wa Yaoundé umehamia ku telefone

Ba baba na ba mama wa machimbo, telefone batoto banacheza nayo usiku, mu betri yake iko kobalti. Pengine ni ya kwetu Kolwezi. Lakini michezo yenyewe, nani anaitengeneza?

Kule Yaoundé, Cameroun, kampuni ndogo Kiro'o Games ilitoa Aurion mu 2016: hadithi ya Enzo na bibi yake Erine, wanaonyang'anywa ufalme siku ya kutawazwa. Ulichezwa ku ordinatere. Lakini watu wengi wa kwetu wako na telefone tu. Basi Olivier Madiba na wenzake wakageuza njia: wakatengeneza Le Responsable Mboa, mchezo wa telefone juu ya mtumishi wa serikali na rushwa.

Sisi tunaona hawakushindwa. Walifuata wachezaji kule wako. Jiwe linatoka kwetu. Na hadithi nazo zitoke kwetu.