Mpira wa masomo: nani anamulipa mwenye mikro?

Wengi wetu tunashinda machimboni, upande wa Banalia ao Bafwasende, na watoto wanabaki Makiso kwa bibi ao kwa shangazi juu ya masomo. Habari zao tunazipata kwa simu na, pale mawimbi yanapofika, kwa redio. Siku ya posho, masomo yakicheza mpira kati yao, mzazi aliye mbali anategemea sauti ya mtangazaji kujua kama mwana wake alicheza, kama alifunga, kama aliumia.

Ndiyo sababu sendika inaingia katika maneno ya waandishi wa habari, hata kama wengine watauliza: ninyi watu wa karati mnatafuta nini huko?

Mama mmoja wa Makiso, mume wake ni mchimbaji, alitufikia bironi. Mwana wake wa miaka 15 ni kipa wa timu ya masomo yake. Kabla ya mechi, kijana mwenye mikro alimwambia: "Mama, ukinipatia transpo, jina ya mutoto itasikilika muji muzima." Mama alitoa franka 10,000. Jina likasikika mara nyingi. Mechi iliyofuata hakuwa na kitu mfukoni, na kijana yule yule akatangaza kwamba kipa ni mlango wazi, hata bibi yake angemfunga. Siku mbili mtoto alikataa kwenda masomo. Mama alitaka kujua kama kosa lilikuwa lake, kwa kuwa hakutoa.

Hapana, mama. Hilo ni "coupage", na kila mtu katika Kongo analijua jina hilo. Waandishi wenyewe walilikataa. Machi 2004 kongamano lao la taifa lilifanyika Kinshasa, likazaa UNPC na kupitisha kanuni ya maadili inayomkataza mwandishi kuchukua rushwa. Miaka zaidi ya 20 imepita, na bahasha inatembea bado, hata pembeni ya uwanja ambapo wachezaji ni watoto wa kalasi.

Sisi tunalielewa jambo hili kwa njia ya mizani. Ukileta jiwe kwa kontwari na mpimaji analipwa na mnunuzi kwa siri, unajua karati zitapunguka. Uwanjani jiwe ni mtoto, na anayelipa si mama peke yake. Mwalimu wa mpira anataka sifa. Prefe anataka wanafunzi wengi mwaka ujao. Na kuna yule bwana mwenye miwani anayejiita manaja.

Huyo ndiye tunamuogopa. Mashindano ya masomo yamekuwa na pesa: fainali za CAF za Afrika zilichezwa Durban mwaka 2023 na Zanzibar mwaka 2024, na masomo yanayoshinda yanapata dola 300,000. Manaja akimpatia mtangazaji kitu kidogo, mtoto anageuka "nyota wa Ulaya" kwa wiki moja, na umri wake unatangazwa sawa manaja anavyotaka. Halafu familia inauza parsele juu ya paspoti. Mzazi ajue: kanuni ya FIFA haikubali mchezaji wa chini ya miaka 18 ahamishwe kwenda timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Mtangazaji anayemsifu manaja angepaswa kusema na neno hilo. Hatujalisikia.

Kuna na mambo ambayo hayahitaji bahasha ili yaharibu. "Huyu ni mutoto wa negosia fulani, anakaa avenue fulani." Katika mji wa almasi, nani anasikiliza? Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kila mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto na anapaswa kulindwa. Jina, timu na goli vinatosha. Kazi ya baba, nyumba, ugonjwa, deni la masomo, hayo si mpira. Na kwa mechi za wasichana, maneno juu ya mwili wao na kuomba namba za simu zao tunayakataa kabisa. Mwanaume mwenye mikro ni mwanaume kama wengine. Mazungumzo yafanyike mbele ya mwalimu ao mzazi.

Lakini hatutasema tu "acheni". Kijana yule wa mikro mara nyingi hana mshahara. Anatembea kwa mguu toka Mangobo mpaka Makiso, anatangaza saa mbili kwa jua, na mwenye redio anamwambia: ujitafutie. Sisi tunaijua kazi ya namna hiyo. Tena wazazi wa nchi hii tulilipa walimu kwa prime miaka mingi, mpaka masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, na tuliona namna mwalimu anavyotazama mfuko wa mzazi kabla ya kutazama daftari la mtoto. Njaa ya mtangazaji ni deni la mwenye redio. Si sisi wa kuilipa kwa siri, franka kwa franka.

Basi wenye redio walipe transpo ya mechi. Kama masomo ndiyo yaliyolipa, lisemwe hewani, waziwazi, kabla ya mpira kuanza; hakuna aibu ndani yake. Watangazaji wakitaka kudai mshahara wao, biro yetu iko wazi, tutawaonyesha namna ya kuandika barua.

Na komite za wazazi za Makiso ziwaulize waprefe, kabla mechi hazijaanza tena, nani anaruhusiwa kuingia uwanjani na mikro na nani anamulipa. Mzazi aliye machimboni ampatie delege wa sendika malalamiko yake kwa maandishi. Tutayafikisha kwa prefe na kwa mwenye redio, bila kutaja jina la mtoto.