Michezo ya Nyimbo Inayorudi Jukwaani, na Tuzo Zisizoiona

Muhula wa kwanza wa masomo ukifika katikati, mji wa Eldoret hujaa sauti za watoto walio mazoezini: katika madarasa ambayo madawati yake yamesukumwa ukutani, katika mabwalo ya kulia chakula, na chini ya miti ya viwanja vya shule, walimu huwafunza wanafunzi wao kutembea, kusimama, kuimba, kulia na kucheka kwa ajili ya tamasha la michezo ya kuigiza la shule na vyuo, ambalo limekuwako nchini Kenya tangu mwaka 1959, na ambalo hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kutoka kaunti hadi kanda, na hatimaye hadi taifa. Muradi wa makala haya si kuitilia ila bidii hiyo, ambayo inastahili taadhima, bali ni kuuliza swali ambalo mashindano yetu hayajapata kujiuliza kwa dhati: mchezo wa nyimbo uliotungwa zamani, ukifufuliwa leo kwa ustadi na kupigiwa makofi na hadhara, uhukumiwe kwa mizani gani, na upewe tuzo ipi?

Desturi ya tamasha letu ni kwamba kila mwaka shule huja na kazi mpya. Mchezo, shairi, masimulizi, ngoma ya kitamaduni, ngoma ya kisasa, na siku hizi hata filamu: mafungu yote haya yamegawanywa kwa aina ya sanaa, wala umri wa kazi hauna fungu lake. Mwalimu hutunga au hutafuta mtunzi, kazi huchezwa, hushinda au hushindwa, na mashindano yakiisha mswada wake hutiwa kabatini, ambamo aghalabu hautoki tena. Faida ya desturi hii ni kubwa, nami siikani: imetuzalia watunzi wengi, imewazoesha vijana kuyasema mambo ya zama zao wenyewe, na imeiepusha sanaa ya shule na ule ukariri wa michezo ya Kiingereza uliotawala katika miaka yake ya awali. Hasara yake, hata hivyo, haifichiki, kwa maana kijana wa leo anaweza kuingia katika tamasha hili tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, akavishwa nishani na kupewa vyeti, asiwe amegusa hata mara moja kazi iliyotungwa kabla ya kuzaliwa kwake.

Jambo hili hustaajabisha zaidi linapotazamwa kutoka Eldoret, kwa kuwa sidhani kama kuna mji mwingine katika Afrika ya Mashariki unaofahamu thamani ya tuzo kuliko huu. Wakimbiaji wanaofanya mazoezi Iten na Kaptagat hupita katika barabara zetu, na hapana mtu aliyewahi kumwambia Eliud Kipchoge kwamba mbio za Berlin, alizozishinda mara 5, zimekwisha kuwa kuukuu, kwa hiyo atafute njia ambayo haijakimbiwa na mtu. Njia ni ile ile, na masafa ni yale yale. Kinachopimwa ni namna mkimbiaji alivyoyakimbia siku ile, juani au mvuani, pamoja na wenzake waliokuwapo. Mchezo wa kuigiza unaorudi jukwaani waomba insafu hiyo hiyo, wala hauombi zaidi.

Mfano ulio bora katika nchi yetu ni Ngaahika Ndeenda, ambao wasomaji wa Kiswahili waliujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Ulitungwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ukaongozwa na Kĩmani Gecaũ, na kuchezwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1977 katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwenye ukumbi usio na paa ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000. Waigizaji wake walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwandani. Mazoezi yao yalifanywa hadharani, na wazee waliokuja kutazama waliwasahihisha watunzi pale wimbo ulipoimbwa sivyo au neno la arusi lilipotamkwa kinyume cha ada. Hadithi yenyewe ni ya Kĩgũũnda, kibarua mwenye shamba la eka moja na nusu, anayeshawishiwa na tajiri Kĩoi aifanye ndoa yake upya kanisani, akakopa fedha benki kwa ajili ya sherehe hiyo, na mwishowe akanyang'anywa shamba. Lakini aliyeusoma mchezo huu kitabuni tu ameujua nusu, maana nusu yake nyingine ni nyimbo: za arusi, za kanisa, za walevi, za wapigania uhuru. Nyimbo hizo hazikutiwa kama pambo. Ukiziondoa, hadithi haiendi.

Tuzo ya kwanza waliyopewa watu wa Kamĩrĩĩthũ ilikuwa marufuku. Tarehe 16 Novemba 1977 idhini ya kuucheza iliondolewa, na usiku wa kuamkia mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, asitoke hadi Desemba 1978. Waliporudi mwaka 1982 na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, ambao ulikuwa wa nyimbo zaidi kuliko ule wa kwanza na uliokusanya nyimbo za jamii nyingi za Kenya, walinyimwa idhini na kufungiwa milango ya Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, wakaendelea na mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi mbele ya maelfu ya watu waliokuja kusikiliza, hata mazoezi nayo yakakatazwa. Mwezi Machi mwaka huo ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa. Watunzi wote wawili waliishia ughaibuni: Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki Zimbabwe mwaka 2008, na Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, jina lake likiwa limetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa wanaotazamiwa kupata Tuzo ya Nobel, asiipate.

Sasa na tuutazame mwaka 2022. Mwezi Mei, Ngaahika Ndeenda ulirudishwa jukwaani na kundi la Nairobi Performing Arts Studio chini ya uongozi wa Stuart Nash, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, katika ukumbi ule ule wa taifa ambao miaka 40 kabla yake ulikuwa umewafungia milango watu wa Kamĩrĩĩthũ. Watu walikwenda kuutazama, magazeti yakausifu, na vijana ambao wazazi wao walikuwa watoto mwaka 1977 walikaa vitini wakazisikia nyimbo ambazo serikali iliwahi kuziogopa. Na ndipo swali letu linapokuwa zito, maana sifa za namna hii ni za nani? Mtazamaji mwepesi atajibu kwamba ni za watunzi, kwa kuwa maneno ni yao. Na jibu hilo, ingawa lina haki ndani yake, huwadhulumu waliofanya kazi ya kuurudisha.

Kuurudisha mchezo wa nyimbo si kutoa kitabu rafuni na kugawa sehemu kwa waigizaji. Nyimbo nyingi za michezo yetu hazikuandikwa kwa alama za muziki. Kitabuni yamebaki maneno, na sauti zake zimo katika vifua vya watu ambao wengine wamekwisha kufariki, wengine wamezeeka, na wengine wanakumbuka wimbo mmoja kwa namna mbili zisizopatana. Mwongozaji hana budi kuwatafuta, kuwasikiliza, kuchagua, na kisha kuwafunza waimbaji vijana ambao masikio yao yamelelewa na muziki wa redioni. Ngoma iliyochezwa katika uwanja wazi, ambamo mchezaji aliweza kuingia akitokea katikati ya watazamaji, lazima ipunguzwe ienee jukwaani chini ya taa bila ya kupoteza nguvu zake. Fauka ya hayo, mzaha uliochekesha mwaka 1977 kwa kuwa kila mtu alimjua aliyekusudiwa, leo humkuta msikilizaji asiyemjua, na mwongozaji ndiye atakayeamua kama auache ufe, aueleze, au autafutie uhai mwingine. Maarifa hayo yote ni maarifa ya sanaa. Mtu anayeyatenda vyema anastahili kuitwa msanii kama anavyostahili mtunzi, na mashindano yasiyo na jicho la kumwona yana upungufu.

Uganda nayo ina deni la namna hii. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala, aliutoa mchezo wa nyimbo wa Kiganda uitwao Oluyimba lwa Wankoko, ambao muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya; ukapelekwa Lagos mwaka 1977 katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi, na mara tu baada ya kurudi kwake Kawadwa alikamatwa na kuuawa na vyombo vya Idi Amin. Mchezo kama huo hauwezi kudumu katika kumbukumbu za watu kwa kutajwa tu katika vitabu vya historia. Hudumu kwa kuchezwa.

Yafaa pia tuwatazame wenzetu wa mbali, kwa kuwa wao wamelipa jambo hili jina na tuzo, na bado hawajaepukana na lawama. Mjini New York, tuzo za Tony, zilizoanza mwaka 1947, kwa muda mrefu zilishindanisha kazi zote zilizorudishwa katika fungu moja, za nyimbo na zisizo za nyimbo. Mwaka 1994 ndipo michezo ya nyimbo ilipopewa fungu lake peke yake, na Carousel ukawa wa kwanza kushinda. Lakini kanuni zao nyingine huubana mlango. Tuzo za kutunga muziki na maneno hazigawiwi kazi iliyokwisha kuchezwa zamani, jambo lililo la haki, ila hupunguza nafasi zake za kutajwa. Na mchezo usiochezwa katika mojawapo ya kumbi 41 za Broadway hautazamwi kabisa, hata ukisifiwa na mji mzima.

Hukumu zenyewe nazo hubadilika mpaka mtu akastaajabu. Chicago, uliofunguliwa mwaka 1975, ulitajwa kuwania tuzo 11 usipate hata moja. Uliporudishwa mwaka 1996 ulipata 6, na ungali ukichezwa. Merrily We Roll Along ulifungwa mwaka 1981 baada ya maonyesho 16 tu, ukaja kutawazwa mwaka 2024 kuwa bora miongoni mwa michezo ya nyimbo iliyorudishwa. Na katika msimu huo huo wa 2024, The Wiz, mchezo wa watu weusi ambao mwaka 1975 ulizoa tuzo 7, ulirudi Broadway ukapata watazamaji wengi, na waamuzi wasiutaje katika fungu lolote. Hata Sarafina! wa Mbongeni Ngema, ambao watu wa Afrika ya Mashariki wanaupenda kama kwamba ulitungwa hapa, mwaka 1988 ulitajwa kuwania tuzo 5 za Tony ukatoka mikono mitupu. Na lau ungalitegemea tuzo hizo, usingalirudishwa jukwaani Nairobi kama ulivyorudishwa.

Sitoi mifano hii ili nidai kwamba waamuzi ni watu wabaya. Nadhani taabu yao ni kwamba mwamuzi wa kazi iliyorudishwa hubeba kazi mbili kichwani, hii iliyo mbele yake na ile anayoikumbuka au aliyohadithiwa, na ni nadra kwa binadamu kuipendelea ya sasa juu ya ile ambayo kumbukumbu imekwisha kuipamba. Na akishindwa kuzipima pamoja, humgeukia mtunzi mpya, ambaye hana wa kulinganishwa naye, akampa tuzo kwa dhamiri iliyotulia.

Lakini sisi tuna dawa ya maradhi haya tangu zamani, na ajabu ni kwamba hatujaipeleka upande wa pili wa ukuta. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lina mafungu ambayo kwaya zote hupewa wimbo mmoja, nao mwamuzi hukaa kitini akausikiliza ukiimbwa na shule hii, kisha ile, kisha nyingine, toka asubuhi hata jioni. Hakuna anayelalamika kwamba wimbo umerudiwa. Kila mtu ukumbini anajua kwamba kinachotafutwa ni fasaha ya matamshi, upatano wa sauti, na ile fahamu ya mwalimu inayoufanya wimbo uliozoeleka usikike kana kwamba umezaliwa leo. Walimu wa Uasin Gishu wanaozifunza kwaya hizo, wengi wao ni wale wale wanaozifunza shule michezo ya kuigiza. Mizani wanayo mikononi.

Basi ombi langu kwa waandaaji wa tamasha la michezo ya kuigiza ni kwamba waongeze fungu moja la kazi zilizorudishwa, kwa masharti mepesi: kazi iwe ya Afrika ya Mashariki, iwe imepita miaka isiyopungua 20 tangu ilipochezwa mara ya kwanza, iwe na nyimbo, na mwamuzi awe ameusoma mswada wa asili kabla ya kukaa kitini. Kwa Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kimekuwa jirani yetu tangu mwaka 1984 na ambacho kina wanazuoni wa fasihi na michezo ya kuigiza, naomba kipokee nakala za miswada ya shule na kurekodi sauti za wanaozikumbuka nyimbo zake wangali hai. Nawe msomaji, ukisikia kwamba mchezo wa zamani unarudishwa jukwaani katika ukumbi wowote ulio karibu nawe, lipa kiingilio, nenda na wanao, na ukitoka umtafute mwongozaji umpe mkono wa heko kwa kazi yake mwenyewe.