Sumu Katika Maziwa

Ng'ombe wa Kalembe hula majani ya milimani, nasi twanywa maziwa yao. Kumbe hatari yaweza kupita njia hiyo hiyo.

Huko Chernobyl, nchini Ukraine, umeme ulifanywa kwa joto la urani, madini yapatikanayo hata Katanga kwetu. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, wafanyakazi walifanya jaribio, nao walikuwa wamezima vyombo vya kinga. Tena mtambo wenyewe ulikuwa na kasoro. Joto likazidi ghafula, mtambo ukapasuka. Sumu isiyoonekana wala kunuka ikachukuliwa na upepo, ikatua majanini.

Wakuu wakakawia kutangaza. Watoto wakanywa maziwa. Miaka ilipopita, maelfu wakaugua kansa ya tezi ya shingo. Wangaliambiwa mapema wasiyanywe, wengi wasingaliugua.