Mashine ikilia mno, nani ataisikia?

WAHENGA walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Ubaya ni kwamba siku mwizi akiusukuma mlango huo, nao utalia vile vile na mwenye nyumba ataendelea kukoroma.

Ndivyo ilivyo katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani na kubanwa kibano kidoleni. Mashine husoma mapigo ya moyo na oksijeni, na kipimo kikivuka kikomo hupiga king'ora. Lakini hulia pia mgonjwa anapojigeuza, kibandiko kinapolegea kwa jasho au kibano kinapochomoka. Muuguzi hukimbia, hukuta hakuna tatizo, hurudi. Mwishowe masikio huchoka, na hapo ndipo mlio wa kweli unapoweza kupita bila mtu kuinuka.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo, si daktari. Hata hivyo, hesabu hii inatuhusu. Chato sasa kuna hospitali ya rufaa ya kanda, na ndugu akizidiwa, fedha hutoka kwenye pamba, ng'ombe au duka.

Machi 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, Marekani, walihesabu tahadhari za mashine katika vyumba 5 vya wagonjwa mahututi. Kwa siku 31, wagonjwa 461, zilifika 2,558,760. Nyingi hazikuwa na sauti, lakini zenye sauti pekee zilikuwa wastani wa 187 kwa kitanda kwa siku. Tukikadiria dakika 2 kwa kila mlio, kitanda kimoja kinakula zaidi ya saa 6 za muuguzi kila siku. Hiyo ni nguvukazi inayopotea.

Watafiti hao hawakuishia kuhesabu. Walichukua tahadhari 12,671 za mapigo ya moyo yaliyovurugika, wakazipitia moja moja na kuzitia alama: hii ya kweli, hii ya uongo. Asilimia 88.8 zilikuwa za uongo.

Mkulima wa pamba anaielewa kazi hiyo. Tunachambua pamba safi na fifi kabla ya kupeleka kwenye mizani, kwa sababu ukichanganya, mnunuzi hupoteza imani na mzigo wote. Kumbukumbu za mgonjwa zisizochambuliwa ni pamba iliyochanganywa. Zikitiwa alama vizuri, wataalamu wanajua kikomo gani kirekebishwe, na programu za kompyuta zinaweza kufundishwa kutofautisha mlio wa hatari na wa kibandiko.

Je, tusubiri alama za Wamarekani? Hapana. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa vibano vya kidoleni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa Wazungu. Maana yake, mashine inaweza kupiga kelele bure kisha ikanyamaza pale inapotakiwa kulia. Mbegu hujaribiwa kwenye udongo itakakopandwa.

Kuanza hakuhitaji mamilioni. Daftari linatosha: saa, king'ora gani kililia, muuguzi alikuta nini, alifanya nini. Baada ya mwezi mmoja, hospitali itajua milio inayosumbua zaidi, itaweka vikomo kulingana na hali ya kila mgonjwa na kubadilisha vibandiko kila siku. Lakini kazi hiyo ipangiwe muda na malipo. Kununua mashine bila kutenga fedha za kuchambua kumbukumbu zake ni kununua mizani isiyohakikiwa.

Nawe msomaji, ukimuuguza ndugu, usizime king'ora wala kuhamisha kibano, mwite muuguzi. Na diwani au kamati ya afya wakisimama mkutanoni kutangaza mashine mpya, waulize: milio yake nani anaiandika?