Mombasa Iliyoko Moroko

Juzi mpwa wangu kutoka ng'ambo alinifikia Likoni. Hata chai hajamaliza: "Mjomba, nipeleke pale yule bwana alipobanwa na kuta mbili." Kumbe ni senema! Inception ya Christopher Nolan, ya mwaka 2010, hadithi ya watu waibao siri ndotoni, nayo Mombasa imetajwa. Tukavuka feri, tukazunguka Mji wa Kale hadi adhuhuri. Kila kichochoro yeye, "Si hapa." Ikanibidi nimwambie: Mombasa ile ilipigwa picha Tangier, Moroko. Huko nako kuna minara na adhana, sikatai. Lakini jina letu, vibarua vyao! Tukarudi. Kijana akaipiga picha feri yetu, ambayo senemani haimo.