Zao lililojaza hazina ya mji, likaishia kwenye sarafu

SARAFU nyingi za kale zina picha ya mungu, mfalme, simba au tai. Zile za mji wa Kirene, kaskazini mwa Afrika, zina mmea: shina nene, majani yaliyotoka pande mbili na vichala vya maua. Nyingine zina mbegu yake tu, yenye umbo la kopa.

Kirene, ambao wasomaji wa Biblia wanaukumbuka kwa Simoni Mkirene, ulikuwa mashariki mwa Libya ya leo. Wagiriki waliuanzisha karne ya 7 kabla ya Kristo. Mmea huo uliitwa silfio, na sarafu za mji zilibeba picha yake kwa miaka mingi kwa sababu ndio uliokuwa ukiwaingizia watu fedha.

Shina lake lililiwa kama mboga. Utomvu uliokamuliwa kwenye shina na mizizi ulikuwa kiungo na dawa. Ili usioze safarini, wauzaji waliuchanganya na unga kabla ya kuusafirisha. Kondoo waliolishwa silfio walinenepa na nyama yao ilisifiwa.

Bei yake haikuwa ya mchezo. Mwandishi wa Kirumi, Plinio, anasema utomvu huo uliuzwa kwa uzito sawa na wa sarafu za fedha. Anaongeza kwamba Julius Caesar, alipoanza vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 49 kabla ya Kristo, alitoa katika hazina ya Roma ratili 1,500 za utomvu huo, karibu kilo 500, pamoja na dhahabu na fedha.

Tatizo ni kwamba silfio haikulimwa. Theofrasto, Mgiriki aliyeandika habari za mimea karne ya 4 kabla ya Kristo, anasema ilikataa ardhi iliyolimwa. Ilivunwa porini tu.

Hata hivyo, watu wa Kirene hawakuvuna ovyo. Theofrasto anaeleza kuwa kulikuwa na kiwango maalumu cha kukata mizizi, kwa kuangalia kilichokatwa awali na mimea iliyobaki. Aliyezidisha alikuwa amevunja sheria.

Mambo yaliharibika baadaye, Kirene ilipokuwa chini ya Roma. Kwa mujibu wa Plinio, waliokodi maeneo ya malisho waliona faida ya haraka iko kwenye mifugo, wakaacha kondoo wale mmea wote. Mpangaji hakuwa na sababu ya kufikiria mavuno ya mwaka wa kumi. Plinio anasema katika enzi yake lilipatikana shina moja tu, likapelekwa kwa Kaisari Nero, aliyetawala kuanzia mwaka 54 hadi 68.

Wateja hawakukaa bila kiungo. Walihamia kwenye utomvu wa Uajemi na nchi jirani, ambao haukuwa na ubora ule. Wachakachuaji nao hawakukosekana: walichanganya gundi ya miti au maharage yaliyopondwa.

Utomvu wa aina hiyo bado upo sokoni. Ni mvuje, ule wenye harufu kali unaojulikana sana pwani yetu, ambao watu hutumia kwa gesi tumboni na kuwakinga watoto na vijicho. Hutoka Iran, Afghanistan na nchi za jirani.

Wahindi, wanaotumia mvuje kwa wingi jikoni, kwa miaka mingi waliuagiza wote kutoka nje. Oktoba 2020 wataalamu wao walipanda miche ya kwanza katika bonde la baridi la Lahaul ili wakulima wa huko waanze kuuzalisha wenyewe. Mmea huchukua takriban miaka mitano kabla ya kutoa utomvu.

Mwaka 2021 mtafiti Mahmut Miski wa Uturuki alieleza kwamba mmea mmoja adimu wa nchini kwake unafanana sana na ule wa kwenye sarafu. Bado haijathibitishwa kuwa ndio wenyewe.

Kwa anayeishi kwa kuuza magome, mizizi au utomvu wa porini, swali ni moja: nani anapanda kinachokatwa? Kirene walikuwa na bei nzuri, wateja na hata sheria. Hawakuwa na kitalu.