Msasa wa fundi mashua na chombo cha anga

Huku Ras Mkumbi fundi mashua akilainisha mbao anashika msasa. Ule mweusi wa kulowesha maji, punje zake ni kabidi ya silikoni, kitu alichoanza kukitengeneza Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891.

Sasa sikia. Kitu hicho hicho kilifunika ukingo wa mbele wa mabawa ya Columbia, chombo cha anga cha Marekani. Chini yake ilikuwa kaboni, ambayo ikipata moto na hewa inaliwa kama mkaa jikoni. Kabidi ndiyo iliikinga. Ila ni ngumu bila kupinda: ikigongwa kweli, inapasuka. Columbia iliporuka tarehe 16 Januari 2003, kipande cha sponji (kama ya godoro, ila ngumu zaidi) kilibanduka kwenye tenki kikatoboa bawa la kushoto. Ikirudi tarehe 1 Februari, moto ukapenya. Wakafa wote 7, jamani.

Boridi ya zirkoni inavumilia zaidi: chuma kinayeyuka nyuzi 1,538, yenyewe inapita 3,200. Lakini nayo hewa inaila, ndiyo maana watafiti wanaichanganya na kabidi ya silikoni. Ikipata moto, mchanganyiko huo unajitengenezea ngozi ya kioo inayozuia hewa.